Mzigo Unaposhuka: Siku Sita Kuzunguka Nairobi

Siku ya kwanza, Jumanne. Marikiti na stesheni ya reli

Saa kumi alfajiri ndiyo saa ya kufika Marikiti, soko la jumla la vyakula la Nairobi. Ukichelewa hadi saa moja utakuta lori tupu na turnboi waliolala chini ya turubai, na utadhani soko ni watu wanaouza mafungu ya nyanya. Biashara yenyewe imeisha kabla jua halijatoka: viazi vya Kinangop na Meru, nyanya za Loitokitok, vitunguu vilivyopitia Namanga kutoka Tanzania.

Kazi ya leo ni gunia moja tu. Chagua lori lililofika, chagua gunia, ulifuate mpaka mkononi mwa mama mboga. Andika kila shilingi inayolipwa njiani: bei ya shambani, kodi ya lori ikigawanywa kwa idadi ya magunia, ada ya wapakuaji, ushuru wa kaunti, chake dalali, mkokoteni. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 ni lazima. Wengi huuliza bei ya gunia bila kupima gunia lenyewe, na hapo hesabu nzima inaoza. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini bado utakutana na mukurino, gunia lililovikwa kilemba cha neti juu ya mdomo wake. Bei ikiwa ile ile na kilo si zile zile, mkulima ndiye aliyelipa nauli ya kile kilemba.

Ukimaliza, hesabu watu badala ya pesa. Lori moja limelisha dereva, turnboi, wapakuaji, wenye mikokoteni, dalali, askari wa zamu, muuza chai na muuza magunia matupu. Karibu wote wamelipwa mahali gari liliposimama. Barabara yenyewe, kilomita zote zile za lami, imemlisha dereva, turnboi na kituo cha mafuta basi. Ndiyo maana swali la safari hii yote ni moja: mzigo unashuka wapi, na nani analipwa unaposhuka?

Kutoka hapo hadi stesheni ya zamani ya reli ni mwendo mfupi wa miguu, na jibu la kwanza liko pale. Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye bonde hili la maji baridi mwaka 1899, baada ya zaidi ya kilomita 500. Mbele kulikuwa na mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Wajenzi walihitaji ardhi tambarare ya kupanga mabehewa, maji, na mahali pa kuweka vyuma kabla ya kuanza mlima. Hapakuwa na mji. Mji ulitokea kwa sababu treni ilisimama. Makao ya utawala yakahamishwa kutoka Machakos mwaka huo huo, na mwaka 1905 mji mkuu wenyewe ukatolewa Mombasa. Machakos tutafika Alhamisi; inafaa kuiona baada ya kuiona stesheni hii.

Siku ya pili, Jumatano. Barabara ya Thika

Leo hatufuati mzigo, tunafuata watu. Barabara kuu ya Thika, kilomita 50 hivi, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012 baada ya kugharimu takriban shilingi bilioni 31. Kabla yake kulikuwa na mizunguko na jamu ambazo mtu wa Ruiru huzisimulia kama vita. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu takriban 239,000. Ile ya 2019 ikaukuta na 490,000. Miaka kumi, zaidi ya maradufu. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa Ruiru cha kuajiri watu robo milioni. Waliokuja walikuja kulala.

Hapo ndipo takwimu zinapomdanganya asiyejua zilivyokusanywa. Sensa ya 2019 iliuliza mtu alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kwa kipimo hicho Nairobi ina watu milioni 4.4 na Kiambu milioni 2.4. Lakini saa nne asubuhi siku ya kazi, sehemu kubwa ya watu wazima wa Ruiru, Juja na Kahawa Sukari wako upande wa pili wa mpaka wa kaunti, wakinunua chakula cha mchana na kulipa kodi za biashara huko. Nairobi ina asilimia 9 ya Wakenya na hutoa zaidi ya robo ya pato la taifa. Sehemu ya tofauti hiyo ni ujuzi na mitaji, na sehemu nyingine ni hii tu: jasho limehesabiwa mjini, mtu kahesabiwa Kiambu. Maji, majitaka na shule za watoto ni mzigo wa pale alipolala.

Simama kwenye daraja la waenda kwa miguu la Githurai saa kumi na mbili asubuhi. Kuhesabu magari kuna utaratibu wake, na ukikosewa hakuna namna ya kuurekebisha ofisini. Watu wawili kila upande wa barabara, mmoja anatazama na mmoja anaandika. Makundi yatenganishwe: pikipiki, magari madogo, matatu za viti 14, matatu za viti 33, mabasi, pikapu, lori za ekseli (mhimili wa magurudumu) mbili, ekseli tatu, na nne kwenda juu. Kila dakika 15 anza safu mpya. Saa 12 mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, na angalau mara moja saa 24 nzima, maana lori za mboga hupita usiku na hesabu ya mchana haizioni kabisa. Usihesabu wiki ya kufungua shule, siku ya mwisho wa mwezi, au siku ya mvua kubwa, halafu ukaiita siku ya kawaida. Usisimame baada ya njia panda, kwa kuwa nusu ya magari yatakuwa yameshatoka. Na boda boda zisiachwe nje kwa sababu ni nyingi kuziandika. Mara nyingi ndizo zinazomaliza kilomita mbili za mwisho, na nauli ya kilomita hizo mbili inaweza kukaribia ya matatu kutoka mjini.

Sasa hesabu ya matatu, kwa mfano wa kubuni ili ionekane. Tuseme gari la viti 33, siku ya kazi ya saa 15, na mapato ya wastani wa shilingi 4,000 kila mzunguko wa kwenda na kurudi. Mzunguko ukichukua saa tatu, pamoja na kusubiri kujaza stejini, ni mizunguko mitano: shilingi 20,000. Ukichukua saa mbili, ni saba: shilingi 28,000. Nauli haijapanda hata ndururu, na gari limeongeza shilingi 8,000. Makanga hupigana na muda, na abiria ndiye anayedhani wanapigana naye. Asubuhi gari huingia mjini limejaa na kurudi karibu tupu, jioni kinyume chake, na nauli ya saa hizo inabeba viti vitupu vya kurudi. Hiyo ni bei ya kuwa na mji wa kulala upande mmoja na mji wa kazi upande mwingine.

Barabara ilipopunguza muda, nani alibaki na zile dakika? Mwaka wa kwanza, abiria. Baadaye, mwenye ardhi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yalikatwa ploti za hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, ambazo ekari moja hutoa karibu nane. Kila ploti ikipandishwa ghorofa nne za bedsita, watu waliovutwa na safari fupi huanza kushindania vyumba vile vile, kodi hupanda, na dakika 40 ulizookoa barabarani unamlipa landilodi kila tarehe tano. Wakati huo huo magari yaliyofuata watu hao yamerudisha jamu. Anayetathmini barabara mwaka mmoja baada ya kufunguliwa huona ushindi. Inafaa kurudi mwaka wa saba.

Thika yenyewe ni tofauti na Ruiru, na ndiyo maana inafaa kufika mpaka mwisho. Ilikuwa na tawi la reli tangu 1913, ina viwanda na mananasi, ina watu 251,000 mjini, na asubuhi kuna magari yanayokuja kwake. Mji unaopokea watu asubuhi na mji unaowatoa asubuhi si kitu kimoja hata kama vina idadi sawa.

Siku ya tatu, Alhamisi. Mlolongo, Athi River, Machakos

Jina la Mlolongo halina siri. Kilomita kama 20 kutoka mjini kuna mizani ya magari, na lori zilizopanga foleni kuisubiri ndizo zilizoupa mji jina. (Wenye umri watakumbuka mlolongo mwingine, ule wa kura za 1988, huu ni wa matairi.) Dereva anayesubiri hula, hulala, hurekebisha breki, hununua salio la simu. Mama wa chapati alikuja, kisha fundi wa tairi, kisha gesti, kisha nyumba za kupanga. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 136,000 hapa. Kaunti ni Machakos, ingawa hakuna anayeishi hapa akasema anaishi Machakos.

Mizani yenyewe inastahili nusu siku. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, pacha tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Kwa hiyo lori la ekseli tatu linaishia tani 26, trela la ekseli sita tani 50, na kikomo cha juu kabisa ni tani 56 kwa ekseli saba. Uzito huo ni pamoja na gari lenyewe. Kinachokamata watu mara nyingi si jumla, ni mgawanyo: gari lina tani 48, halali kabisa, lakini mabamba ya chuma yamerundikwa nyuma na ekseli tatu za trela zimebeba 27. Dawa ni kupanga upya mzigo, na ni nafuu kuifanya ghalani kuliko pale mizani ambapo wapakuaji wanajua huna hiari. Mchanga ni mtego mwingine. Umepakiwa mkavu mtoni, umenyeshewa njiani, umefika na maji ambayo hakuna aliyeyalipia.

Ukali huo una sababu. Uharibifu wa lami huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibeba 12 haiongezi madhara kwa asilimia 20, 1.2 mara nne kwa yenyewe ni 2.07, yaani imefanya kazi ya ekseli mbili. Faida ya zile tani mbili imekwenda kwa mwenye lori, na gharama imegawanywa kwa kila anayepita.

Juu ya vichwa vya foleni hiyo inapita Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, ya kulipia. Anayetoka Athi River kwenda Westlands imemfaa sana. Lakini anayepita juu hanunui mahindi ya kuchoma chini. Muuzaji wa kando ya Mombasa Road aliyekuwa akiuza karanga kwenye jamu amepoteza wale hasa waliokuwa na chenji.

Jioni, Machakos. Ilikuwa kituo cha utawala kabla Nairobi haijawa chochote, na reli ilipopangwa ikapita tambarare za Athi, ikauacha mji milimani. Leo Athi River, iliyoko kwenye njia, ina viwanda vya saruji na eneo la bidhaa za kuuza nje lililotokana na sheria ya 1990, huku Machakos ikiwa na ofisi za kaunti, shule na soko zuri la maembe msimu ukifika. Si mji uliokufa, kama wengi wanavyopenda kuuandika. Umekaa na kazi zisizohitaji kontena.

Siku ya nne, Ijumaa. Syokimau na Embakasi

Siku fupi. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mizigo Januari 2018. Kituo chake kikuu kiko Syokimau, mbali na kati ya mji, kwa hiyo abiria akishuka bado ana safari nyingine: treni ya kuunganisha hadi stesheni ya zamani, matatu, au teksi. Chukua saa ya kushuka na saa ya kufika nyumbani kabla ya kulinganisha treni na basi. Linalolinganishwa ni mlango hadi mlango.

Kwa mizigo, somo liko bandari kavu ya Embakasi. Mwaka 2019 iliamriwa kontena za Nairobi na bara zije kwa reli. Amri hiyo ilizua maandamano Mombasa, ikasitishwa, na mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha hiari kwa mwenye mzigo. Katika kipindi hicho tani zilikuwa zile zile, ila zilishuka mahali pengine. Kazi za ghala, forodha na uwakala zilihama kutoka Mombasa zikapanda hadi Embakasi, na miji ya kati kama Mtito Andei na Voi, iliyoishi kwa lori zinazolala, ikaona gesti zikikaa tupu. Hesabu ya kitaifa ya tani haikuonyesha lolote kati ya hayo.

Ulizia gharama zote ukifika. Kodi ya treni ni hatua moja tu: kontena likishashushwa linahitaji lori la kulifikisha ghalani, na kusubiri kwake kuna ada. Na lile tupu lazima lirudi Mombasa. Mizigo inayopanda ni mingi kuliko inayoshuka, kwa hiyo anayeagiza analipia pia hewa inayorudi pwani.

Siku ya tano, Jumamosi. Limuru, Mai Mahiu, Naivasha

Ondoka mapema, maana Jumamosi magari ya wapiga picha wa pale juu ya bonde huanza saa tatu. Barabara ya chini inateremka ukutani mwa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, na lori lililojaa linaishuka kwa gia ndogo. Anayetegemea breki za mguu peke yake huzichoma. Moshi wake unaonekana kabla ya gari. Wanaopanda na tani 50 hutambaa, mafuta yakinywewa kwa kasi ambayo ramani ya kilomita haiwezi kukuambia. Ndiyo maana, katika hesabu ya gharama ya usafiri, kilomita za mteremko huu hazifai kuwekwa kapu moja na za Athi.

Mai Mahiu ni Mlolongo mwingine: mji wa lori zinazojiandaa kupanda au kupoa baada ya kushuka. Lami mpya, hoteli, gereji, mbuzi choma, na wanafunzi wa udereva wanaotazama.

Naivasha ina vitu vitatu visivyofanana. Maua yanatoka mashambani kandokando ya ziwa, yakipozwa mara tu yanapokatwa na kusafirishwa kwa lori za baridi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hapo ubovu wa barabara haupimwi kwa shilingi za mafuta, unapimwa kwa siku za uhai wa ua kwenye chombo chake mezani Ulaya. Saa tatu za jamu zisizo na baridi zinalipwa na bei ya mnada. Kisha kuna mvuke wa Olkaria, ambao umeme wake husafiri kwa waya na hauhitaji barabara ili uuzwe. Na kuna mwisho wa reli ya kisasa, upande wa Suswa: kipande cha kilomita 120 kutoka Nairobi, chenye handaki la kilomita 4.5 pale Ngong, kilichofunguliwa Oktoba 2019. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani inayoendelea kuelekea Malaba ina 1,000. Behewa haliwezi kuvuka, kwa hiyo kontena lazima linyanyuliwe, kutoka reli hadi reli au kutoka reli hadi lori.

Kwa mwenye mzigo wa Kampala huo ni usumbufu na gharama. Kwa Naivasha ni ajira. Watu hubishana kama bandari kavu ile inafaa bila kusema inafaa kwa nani.

Siku ya sita, Jumapili. Meza, karatasi, kikokotoo

Siku ya kukaa. Kuna kanuni rahisi ya kukisia uzito wa mawasiliano kati ya miji miwili: zidisha idadi za watu, gawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Nairobi ni ile ile pande zote, kwa hiyo inajikata. Thika: watu 251,000, kilomita 42. Naivasha: watu 198,000, kilomita 90. Ukipiga, Thika inapata karibu mara 6 ya Naivasha.

Sasa weka muda badala ya kilomita, kwa sababu hakuna anayelipa nauli kwa ramani. Tuseme Thika ni saa moja na Naivasha ni saa mbili: uwiano ni mara 5. Tuseme jamu ya Githurai imeifanya Thika saa moja na nusu: uwiano unaanguka hadi 2.2 hivi. Nusu saa peke yake imeusogeza mji mzima mbali. Hii ndiyo namba ya kumwonyesha anayedhani jamu ni kero ya wenye magari tu.

Makosa ya kanuni hii ni matatu na yote tumeyaona njiani. Inatumia watu wa usiku wakati biashara ni ya mchana. Inaona Ruiru na Thika kama miji ya aina moja. Na inakisia safari bila kusema mzigo umeelekea wapi, kana kwamba kwenda na kurudi ni kitu kimoja. Mbili za kwanza zinarekebishwa kwa hesabu ya daraja la Githurai: ukishajua ni wangapi wanaoingia asubuhi na wangapi wanaotoka, unatumia wafanyakazi waliopo mchana mahali pa wakazi. Tahadhari moja: fomula ya tatu ya kugawia kaunti fedha iliweka asilimia 18 kwa idadi ya watu na 8 kwa barabara, na idadi hiyo ni ya waliolala. Ukibadilisha kipimo kwenye ripoti yako, andika wazi kwamba umebadilisha, la sivyo afisa wa kaunti ataitupa ukurasa wa pili, na atakuwa na haki.

La tatu linahitaji kurudi Marikiti Jumanne ijayo. Chukua lori la tani 10, magunia 200 ya kilo 50. Tuseme kodi ni shilingi 30,000, yaani 150 kwa gunia, shilingi 3 kwa kilo. Bei hiyo inadhani gari linarudi tupu na viazi vinalipia kwenda na kurudi. Likipata saruji, mbolea au bidhaa za duka za kupeleka Kinangop kwa shilingi 10,000, mwenye lori anaweza kushusha kodi ya viazi hadi 20,000 na asipoteze kitu, na shilingi 50 kwa kila gunia inakuwa ya kugombaniwa kati ya mkulima na dalali. Kwa hiyo, baada ya gunia kushuka na mikokoteni kuondoka, usimwache dereva. Mnunulie chai umwulize anarudi na nini.